Viza huanzia ghalani, si ubalozini

Mfanyabiashara wa Matai akitaka kwenda Mbala, nchini Zambia, safari yake haina mlolongo mrefu. Anapanda gari hadi Kasesya, anaonyesha pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kwa maofisa Uhamiaji wa pande zote mbili, anagongewa muhuri na kuvuka. Haombi viza, kwa kuwa Mtanzania anayekwenda Zambia kwa ziara fupi hadaiwi viza. Asubuhi yuko wilayani Kalambo, mchana yuko Mbala anauliza bei.

Mtu huyo huyo akitaka kwenda Guangzhou, China, kuangalia mashine ya kukamua alizeti, mambo hubadilika. Ubalozi anaoutafuta uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Atapita Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro kabla ya kufika kwenye dirisha la kupokea maombi. Akifika ataulizwa karatasi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ajabu ni kwamba wengi wanaokwama si maskini. Uwanda wa juu wa Ufipa ni miongoni mwa maeneo yanayolisha nchi hii. Rukwa imehesabiwa kwa miaka mingi pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kama mikoa minne inayotegemewa kwa mahindi. Kuna wakulima na wanunuzi wa nafaka ambao kila Julai wana magunia mamia ghalani. Wana ng'ombe, wana nyumba za kupangisha, wengine wana malori. Lakini mbele ya ofisa wa ubalozi, ambaye hajawahi kufika Namanyere wala Mpui, mtu mwenye magunia 500 yasiyo na karatasi hana tofauti na mtu asiye na gunia hata moja.

Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba viza hutafutwa wiki mbili kabla ya safari. Viza ya mkulima na mfanyabiashara wa Sumbawanga hutafutwa mwaka mzima kabla, kwa namna anavyouza mazao yake, anavyotunza stakabadhi na anavyotumia benki. Anayesubiri hadi siku ya safari ndipo aanze kuhangaika, huishia mikononi mwa vishoka.

Ofisa anatafuta nini

Ni vema kwanza ikaeleweka viza ni kitu gani. Viza si haki ya msafiri bali ni ruhusa ya mwenye nchi. Hata ikishabandikwa kwenye pasipoti, ofisa wa uwanja wa ndege huko uendako bado ana mamlaka ya kuuliza maswali na kumrudisha mtu. Kwa hiyo karatasi zilizotumika kuomba viza husafiri na mwenyewe kwenye begi la mkononi, si kuachwa nyumbani.

Ofisa anayepitia maombi ana maswali machache tu. Mwombaji ni nani? Anakwenda kufanya nini, na kwa siku ngapi? Nani analipa? Na la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote: kitu gani kitamrudisha nyumbani?

Kwa mwajiriwa wa Serikali majibu ni mepesi. Ana barua ya mwajiri, ana hati ya mshahara, ana ruhusa ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Mkulima hana mwajiri wa kumwandikia barua. Kinachomrudisha nyumbani ni shamba, mifugo, duka, mke au mume na watoto. Vitu hivyo vyote ni vya kweli, lakini lazima viwe kwenye maandishi.

Hapa ndipo orodha ya karatasi inapopata maana. Namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, na usajili wa jina la biashara BRELA huonyesha kwamba mtu ana shughuli inayojulikana. Hati ya kiwanja au hati ya kimila ya ardhi ya kijiji huonyesha kwamba ana mahali pa kurudi. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto huonyesha familia. Kwa mwanachama wa AMCOS, barua ya chama inayoeleza ni mwanachama tangu lini na huuza kiasi gani ni ushahidi mzuri, kwa sababu inatoka kwenye chombo chenye usajili na vitabu vya hesabu.

Karatasi hizi mtu hazihitaji kwa ajili ya viza peke yake. Ndizo hizo hizo benki inazoomba inapotoa mkopo wa trekta au pawatila. Anayeziandaa kwa ajili ya safari amejiandaa pia kwa mkopo, na hata viza ikikataliwa hajapoteza kila kitu.

Fedha za msimu na macho ya benki

Kuna tatizo moja linalowahusu wakulima zaidi ya watu wengine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Ni namna fedha za kilimo zinavyoonekana kwenye taarifa ya akaunti ya benki.

Balozi nyingi huomba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu hadi sita iliyopita. Wanachotafuta si salio kubwa peke yake. Wanataka kuona fedha zinavyoingia na kutoka, na kama salio linalingana na maisha ambayo mwombaji anayaeleza. Mshahara huingia kila mwezi, kidogo kidogo. Mahindi hayafanyi hivyo. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mavuno ni Mei hadi Julai. Mkulima hupokea fedha nyingi kwa mara moja au mbili, kisha hukaa miezi mingi akitoa tu.

Chukulia mkulima ambaye akaunti yake ilikuwa na shilingi 40,000 tangu Januari. Tarehe 3 Septemba anaweka shilingi milioni 20, na tarehe 10 anapeleka maombi ya viza. Kwake yeye ni fedha halali ya mahindi aliyouza kwa jasho lake. Kwa ofisa aliyezoea kuona mishahara, ni fedha ya kuazima, iliyowekwa ili kupamba akaunti na itakayorudishwa kwa mwenyewe baada ya viza kutoka. Maombi hukataliwa, na mkulima hurudi nyumbani akiamini kwamba ameonewa.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, fedha za mauzo zipite benki tangu zinapopatikana, si kukaa nyumbani ndani ya debe na kupelekwa benki siku ya shida. Pili, kila fedha kubwa inayoingia iwe na karatasi yake. Anayeuzia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao hununua nafaka Sumbawanga, atunze karatasi za kupokelea mzigo na malipo. Anayeuza kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, atunze stakabadhi zake. Anayeuzia mnunuzi binafsi adai risiti, hata kama mnunuzi huyo ni shemeji yake.

Tatu, mwombaji aambatanishe barua fupi inayoeleza kwamba kipato chake ni cha msimu. Barua itaje ekari alizolima, magunia aliyovuna, aliyemuuzia na tarehe ya malipo. Ofisa wa ubalozi si mkulima na hawezi kujua kwamba milioni 20 ya Septemba ndiyo mshahara wa mwaka mzima. Lazima aelezwe.

Gharama zisizorudi

Wapo wanaosema kwamba kujaribu hakugharimu. Usemi huo haufai kwenye mambo ya viza, kwa kuwa ada ya maombi hailipwi ili kupata viza, bali hulipwa ili maombi yasomwe. Yakikataliwa, ada hairudi.

Kwa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya Schengen, ada kwa mtu mzima ilipandishwa kutoka euro 80 hadi euro 90 kuanzia Juni 11, 2024. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki mbili. Juu yake kuna bima ya safari inayotakiwa kugharamia matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Uingereza nayo ilipandisha ada ya viza ya matembezi ya muda mfupi kutoka pauni 115 hadi pauni 127 mwezi Aprili 2025.

Mkazi wa Mikocheni akilipa ada hiyo amemaliza. Mkazi wa Sumbawanga bado. Ubalozi ukitaka alama za vidole au mahojiano ni lazima afike mwenyewe. Akirudi nyumbani kusubiri, atasafiri tena kuchukua pasipoti asipopanga mtu au njia inayokubalika ya kuipokea. Chukulia nauli ya basi ni shilingi 80,000 kwa safari moja, na malazi ni shilingi 30,000 kwa usiku. Safari mbili za kwenda na kurudi, na siku nne za kulala Dar es Salaam, ni shilingi 440,000 kabla ya chakula na daladala. Ukiongeza ada ya Schengen, mtu ameteketeza zaidi ya magunia kumi ya mahindi yenye bei ya shilingi 60,000 kwa gunia, na hajakanyaga ngazi za ndege.

Kwa hiyo ni busara kuunganisha safari. Kwa wengi, wiki ya kufuatilia viza inaweza kuwa wiki hiyo hiyo ya kufuata bidhaa Kariakoo, kuonana na wauzaji wa pembejeo au kumpeleka mgonjwa hospitali. La msingi ni kupiga simu au kusoma masharti ya ubalozi kwanza, kujua siku za kupokea maombi na kuweka miadi. Kufika ubalozini bila miadi kutoka Namanyere ni sawa na kupeleka mzigo mnadani siku isiyo ya mnada.

Pasipoti kwanza

Wengi huanza na viza wakati pasipoti yenyewe haijakaa sawa. Pasipoti mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilizinduliwa nchini Januari 31, 2018, na zile za zamani zikakoma kutumika mwanzoni mwa mwaka 2020. Pasipoti mpya ya kawaida hudumu miaka kumi.

Lakini miaka kumi hiyo si kumi kamili kwa msafiri. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Nchi za Schengen hudai uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka kwao, pamoja na kurasa mbili tupu. Mtu aliyepewa pasipoti Februari 2018 ataona imeandikwa kuisha Februari 2028. Kwa nchi inayodai miezi sita, pasipoti hiyo inakuwa haifai tangu Agosti 2027. Waliowahi kuchukua pasipoti za mwanzo wanapaswa kuliangalia jambo hili sasa.

Anayeomba pasipoti kwa mara ya kwanza anahitaji Kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, na cheti cha kuzaliwa. Majina kwenye nyaraka hizo lazima yafanane. Ufipa, kama kwingineko nchini, mtu anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha ubatizo, jingine NIDA na jingine kwenye akaunti ya benki. Herufi moja iliyopotea inaweza kula miezi miwili ya masahihisho. Afadhali miezi hiyo iliwe Januari kuliko Septemba.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho hakipaswi kusahauliwa kwa nchi zinazokidai. Chanjo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku kumi, hivyo kuchanja siku ya kuondoka hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha.

Mtalii au mfanyabiashara?

Kosa jingine linalowagharimu watu wa Rukwa ni kuomba viza isiyolingana na safari. Viza ya utalii inaonekana nyepesi, na vishoka huipendekeza kwa kila mtu. Lakini nchi nyingi hutenganisha mtalii, mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi na mfanyakazi.

China inatoa mfano mzuri. Viza ya utalii ina alama ya L, na ya shughuli za biashara ina alama ya M. Anayekwenda kuonana na wenye viwanda, kukagua mashine na kutoa oda anapaswa kuomba M, na huhitaji barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wake wa biashara. Maonesho makubwa ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 mjini Guangzhou, hutoa mialiko kwa wanunuzi wanaojiandikisha. Mfanyabiashara wa Laela mwenye mwaliko huo na leseni yake ya biashara ana hoja iliyonyooka kuliko yule anayejiita mtalii halafu akaulizwa atatembelea vivutio gani akakosa la kusema.

Kwa Schengen, viza ya muda mfupi hutumika kwa matembezi na kwa ziara za kibiashara, na hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Hata hivyo sababu ya safari lazima itajwe kama ilivyo, na maombi yapelekwe kwa nchi ambako mtu atakaa siku nyingi zaidi. Kuomba kwa nchi fulani kwa sababu tu inasemekana ni laini, kisha kwenda kukaa nchi nyingine, ni kujiharibia.

Kundi la tatu ni vijana wanaoahidiwa kazi Uarabuni au Ulaya na kuambiwa waingie kwanza kwa viza ya utalii, mengine yatajulikana huko huko. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi. Anayefanya kazi nayo hana mkataba anaoweza kuusimamia mbele ya sheria, na mwajiri mbaya hulijua hilo vizuri kuliko yeye. Mzazi wa Kirando au Mtowisa anayeuza ng'ombe ili mwanawe aondoke kwa njia hiyo anapaswa kujua kwamba anaweza kuwa amemnunulia mwanawe matatizo.

Vishoka na uongo wa gharama kubwa

Umbali wa Dar es Salaam umezaa biashara ya watu wa katikati. Wapo mawakala wa safari wenye leseni na ofisi, wanaojaza fomu na kukata tiketi kwa ada inayojulikana. Hao ni msaada. Lakini wapo pia wasio na ofisi zaidi ya simu ya mkononi, wanaojigamba kwamba wana mtu wao ndani ya ubalozi.

Dalili za kishoka ni rahisi kuzitambua. Huahidi kwamba viza lazima itatoka, jambo ambalo hakuna wakala wa kweli anayeweza kuliahidi. Hudai fedha zote kwanza, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hujitolea kutengeneza taarifa ya benki, barua ya kazi au nafasi ya hoteli. Na humkataza mteja kuzungumza na ubalozi moja kwa moja.

Madhara yake hayaishii kwenye fedha zilizopotea. Karatasi ya kughushi ikigundulika, jina linalochafuka ni la mwombaji, si la kishoka. Kwa kanuni za Uingereza, aliyetumia udanganyifu kwenye maombi ya viza anaweza kufungiwa kwa miaka 10. Fomu nyingi za viza huuliza kama mwombaji amewahi kukataliwa na nchi yoyote. Aliyekataliwa kwa haki anaweza kueleza, akarekebisha kasoro na kuomba tena. Aliyekutwa na karatasi ya uongo ana kazi ngumu zaidi. Kwa Schengen, anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa. Karatasi hiyo isitupwe kwa hasira, kwani ndiyo inayoonyesha kilichopungua.

Kalenda ya mkulima

Kwa kuwa msimu wa Ufipa unajulikana, kalenda ya viza nayo inaweza kujulikana. Awamu ya kwanza ya maonesho ya Canton ya vuli, ambayo ndiyo yenye mashine, huanza Oktoba 15. Kwa bahati nzuri, hapo mahindi yameshauzwa na mvua hazijaanza. Mkulima akihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, hesabu yake inakuwa hivi.

Januari hadi Machi ni wakati wa kusahihisha majina, kupata pasipoti na kufungua akaunti kama haipo. Mei hadi Agosti ni wakati wa kuuza, kupitisha fedha benki na kutunza stakabadhi. Julai ni wakati wa kutafuta mwaliko. Mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba ni wakati wa kwenda Dar es Salaam kupeleka maombi. Tiketi ilipwe viza ikishatoka. Kabla ya hapo nafasi iliyowekwa bila kulipiwa hutosha kwa balozi nyingi.

Kuwahi sana nako kuna mpaka wake. Viza huwa na tarehe ya mwisho ya kuingilia nchini, hivyo iliyotolewa mapema mno inaweza kuisha kabla ya safari. Schengen hupokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Uingereza hupokea kuanzia miezi mitatu kabla, na kwa kawaida hujibu ndani ya wiki tatu. Anayebakiza wiki mbili hajaacha nafasi hata ya pasipoti kusubiri foleni.

Masharti yasomwe upya kila mwaka, kwa sababu hubadilika bila kumpigia mtu hodi. Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za matembezi na biashara wangeweza kutakiwa kuweka dhamana ya hadi dola 15,000, na Desemba mwaka huo huo ikatangaza vizuizi zaidi. Aliyekuwa akifuata maelezo ya jirani aliyesafiri mwaka 2023 alikuwa anafuata ramani ya zamani.

Je, safari yenyewe ni ya lazima?

Hata hivyo, kuna swali ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza kabla ya yote: anachokifuata mbali hakipo karibu? Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Zambia wala Afrika Kusini. Chisamba, Zambia, hufanyika maonesho ya zana za kilimo kila Aprili, na Lusaka kuna maonesho ya kilimo na biashara mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti. Afrika Kusini, kwenye mji wa Bothaville ulio katikati ya eneo la mahindi la Free State, maonesho ya NAMPO hufanyika kila Mei. Huko mkulima ataona mashine zinazofanya kazi kwenye mahindi, si kwenye picha. Tatizo ni kwamba Mei ni mwezi wa mavuno Ufipa, lakini kikundi kinaweza kumtuma mwenzao mmoja.

Kutuma mmoja au wawili ni jambo la kufikiriwa hata kwa China. AMCOS au kikundi cha wakamuaji wa alizeti kikichanga na kumtuma mtu mmoja mwenye ujuzi wa mashine, gharama ya viza na nauli hugawanyika, na barua ya kikundi inakuwa sehemu ya ushahidi wake. Safari za nchi jirani nazo zina faida nyingine. Pasipoti yenye mihuri ya kwenda na kurudi kwa wakati humwonyesha ofisa kwamba mtu huyu akisafiri hurudi.

Wajibu wa wenye ofisi

Si haki kumwachia mkulima mzigo wote. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za mfuko wa maendeleo wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013, iliupunguzia mkoa huu upweke. Lakini ofisi za kuomba viza bado ziko pwani, na hakuna dalili kwamba balozi zitahamia Sumbawanga.

Kinachowezekana ni kidogo lakini kina maana. Chama cha wafanyabiashara, TCCIA, kinaweza kuwa na dawati moja mjini Sumbawanga lenye masharti ya viza yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kufanyiwa marekebisho kila mara. SIDO na maofisa biashara wa halmashauri wanaweza kuandaa ziara za pamoja, ambapo maombi ya watu kumi hukaguliwa na mtu mmoja mwenye uzoefu kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. Benki zinaweza kuwafundisha wateja wao wakulima namna ya kuomba taarifa ya akaunti yenye muhuri na barua ya utambulisho. Mambo haya hayahitaji bajeti ya Bunge. Yanahitaji mtu wa kuyafanya.

Wazee wa Kifipa walijua kilimo cha intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha, walilima majani na kuyafukia ndani ya matuta ya mviringo ili yaoze, na mbolea yake ilitumika kwa mazao ya msimu uliofuata. Aliyepita shambani siku ile aliona vichuguu vya udongo tu. Mwaka uliofuata ndipo alipoelewa kilichokuwa kinafanyika.

Stakabadhi inayotunzwa leo baada ya kuuza gunia la maharage ni kazi ya aina hiyo. Haionekani kama safari ya kwenda Guangzhou. Lakini mwakani, mbele ya dirisha la ubalozi, ndiyo itakayomsemea mkulima.